Miguu Sita ya Sungura

Mkebe wenyewe ulikuwa wa mafuta ya kupikia, umeliwa na kutu mpaka maandishi yote yamepotea. Fundi Mutua aliupata Ijumaa asubuhi alipokuwa akichimba msingi wa tangi la maji nyuma ya jiko la mama, mimi nikiwa nimekaa kando kwenye kiti cha plastiki na kikombe cha chai. Jembe liligonga bati. Akainama, akauchomoa, akautikisa karibu na sikio, akasikia kitu kinacheza ndani. Akabandua mfuniko kwa ncha ya bisibisi. Kisha akautupa na kurudi nyuma hatua tatu bila kugeuka.

"Dada, mimi hapa sichimbi tena," alisema. "Ita pastor kwanza. Hii ni kazi ya mtu."

Nilimcheka. Huwa nacheka mtu akitaja uchawi kabla hajatazama vizuri. Nikainuka, nikachungulia. Ndani kulikuwa na majivu yaliyoganda, na katikati ya majivu vitu vyembamba vyenye manyoya, virefu kama kidole, kucha zake bado zipo. Nikavihesabu. Sita. Kicheko kikaniishia kinywani, kwa sababu miguu ile niliifahamu. Niliikata mwenyewe, kwa kisu cha mama, nikiwa na miaka tisa.

Lakini si miguu iliyonifanya niketi tena ghafla, chai ikamwagikia sketi. Ulikuwa ule mkebe. Miguu ile niliizika ndani ya mfuko wa karatasi wa unga, chini ya mwarobaini ulio upande wa choo. Sikuwahi kushika mkebe. Sikuwahi kuweka majivu. Mtu mwingine aliifukua, akaihifadhi, akaizika upya hatua chache kutoka mahali mama anapowasha moto kila siku.

Mama alikuwa shambani akichuma kunde. Nilikuwa na kama nusu saa ya kumngoja.

Mama yangu alizaliwa Makindu, kando ya barabara ya Mombasa, na kabla hajaolewa alikuwa mpishi katika hoteli moja ya wasafiri. Huko ndiko alikojifunza mambo ya sungura. Huku kwetu, karibu na Kanyangi, sungura alikuwa kitu cha wavulana. Kijana anafuga wawili watatu ndani ya sanduku, siku moja anawachoma na wenzake huko malishoni, basi. Mtu mzima hakukaa mezani akala sungura. Mama alipoolewa huku, na baadaye akaanza kuwapika kwa sufuria, na vitunguu, na sahani zikapangwa, wanawake walimwita "yule wa Makindu". Sidhani walimaanisha vibaya wakati huo. Walikuwa tu wanaweka umbali.

Hakuwapika kwa ukaidi. Mdogo wangu Kyalo, alipokuwa na miaka miwili, alivimba miguu. Ulikuwa wakati wa ukame, mbuzi wetu wameisha, na baba yuko Mombasa kibaruani. Nywele za Kyalo ziligeuka rangi ya kutu na zikawa zinang'oka ukizigusa. Hakulia. Hicho ndicho kilichomtisha mama zaidi, kwamba mtoto ameacha kulia. Muuguzi wa zahanati alimwambia kwamba mtoto anashiba lakini anashiba uji mtupu, na kwamba anahitaji nyama, au mayai, au maharagwe, chochote cha kujenga mwili. Mama alikuwa na sungura wanne alioletewa na ndugu yake. Sungura haombi mengi. Anakula majani ya viazi vitamu, maganda, magugu, na baada ya mwezi mmoja wa mimba ameshazaa.

Mama alichemsha ile nyama na tangawizi na kitunguu saumu mpaka ikaachana na mfupa, akaiponda kwa mwiko, akaichanganya na kunde. Kyalo alikula kijiko kimoja siku ya kwanza, viwili siku ya pili. Baada ya wiki kadhaa alinipiga kofi kwa sababu nilichukua kipande chake, na mama akaketi chini akalia kwa furaha. Nami nililia, kwa kuwa nilidhani mama analia kwa sababu nimepigwa.

Baadaye nilisomea lishe chuo kikuu, na ninaweza kueleza kilichotokea kwa maneno marefu. Nilijifunza pia kwamba nyama ya sungura ina mafuta kidogo mno, na kwamba mtu akila hiyo peke yake siku nyingi, bila mafuta wala wanga, atadhoofika huku tumbo limejaa. Siku mhadhiri alipotuambia hayo niliacha kuandika. Mama hakuwahi kupika sungura bila kuongeza kijiko cha mafuta na kuweka muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, pembeni, na utotoni nilimuuliza kwa nini, maana mafuta yalikuwa shida kupatikana.

"Si unaona inavyokauka?" alinijibu. "Nyama ikikauka kwa sufuria, itakauka pia kwa tumbo."

Siku za kuchinja kazi yangu ilikuwa kushika mguu. Mama alimning'iniza sungura kwenye nguzo ya jiko kwa kamba, mguu mmoja wa nyuma umefungwa na mwingine umo mkononi mwangu, naye akaivuta ngozi kwenda chini polepole kama anayemvua mtoto sweta. "Shika mguu, usiachilie," alisema kila mara, hata nilipokuwa nimeshika vizuri. Kichwa alikikata, kwa sababu watu wa kwetu hawakuweza kula kitu kinachowatazama. Lakini mguu mmoja wa nyuma aliuacha na manyoya yake, kama mtu aliyesahau kuvua soksi moja.

"Mama, mbona unauacha huu?"

"Ndio watu wajue."

"Wajue nini?"

"Wajue tu. Huo mguu hauguswi, umenisikia?"

Nimefikiria sana juu ya jibu lile. Kwake sababu ilikuwa wazi kama chumvi kwenye mboga, kitu ambacho mpishi wa Makindu haelezwi. Hakujua kwamba mimi ni mtoto wa kuulizauliza, na kwamba nikikosa jibu nyumbani nitalitafuta kwingine.

Nililipata kanisani. Jumapili moja mwalimu wa watoto alitufundisha juu ya wanyama safi na wanyama najisi. Alikuwa kijana mchovu aliyetembea kutoka mbali, na alitaka tumalize mapema. Alitaja ngamia, akataja nguruwe, akataja sungura. Watoto wote wakageuka kunitazama.

Niliinua mkono. "Mwalimu, sungura amekosa nini?"

"Hana kosa. Ni miguu yake. Kwato hazikupasuka."

"Kwa hivyo shida ni miguu?"

"Shida ni miguu."

"Na asipokuwa na miguu?"

Darasa lilicheka. Mwalimu naye alicheka, akafunga kitabu. "Asipokuwa na miguu, Mwende, basi kula tu. Haya, tuombe."

Alikuwa anatania. Leo naona wazi kwamba alikuwa anatania. Lakini mtoto wa miaka tisa akimwona mtu mzima amesema jambo na papo hapo akafumba macho na kuomba, atajuaje kwamba lilikuwa mzaha?

Wakati huohuo mama alikuwa na mpango. Watoto wengine wawili wa kanisa letu walikuwa wameanza kuwa na nywele kama zile za Kyalo, na mama alizijua nywele zile akiziona hata kwa mbali. Alimwendea pastor na kumwomba Jumamosi moja awafundishe akina mama kupika sungura. Watakaopenda, kila mmoja angechukua jozi moja kutoka kwenye vibanda vyetu, na wakizaa angempa mwenzake jozi nyingine. Pastor alikubali. Alisema mambo ya wanyama najisi ni ya agano la zamani, watu wale kwa shukrani. Mama alijenga vibanda vipya kwa mbao za kuokota, akapiga misumari mwenyewe mpaka kidole gumba kikawa cheusi. Sijawahi kumwona akitaka kitu namna ile. Hakuwa akitaka sungura tu. Alitaka kuwa mtu wa pale.

Aliyekuwa na neno la mwisho kwa akina mama hakuwa pastor. Alikuwa Mama Kioko, mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani. Siku moja kabla ya Jumamosi hiyo nilimsikia kwenye lango la kanisa akimwambia mwenzake, "Nyama sina shida nayo. Kinachonishinda ni zile nyayo zake. Nikiziona tu, moyo unakataa."

Basi. Mwalimu amesema ni miguu. Mama Kioko amesema ni nyayo. Na mama yangu, kwa sababu alitoka Makindu na hakujua, alikuwa anaacha mguu juu ya nyama ili watu wote wauone!

Jumamosi asubuhi tulichinja sita. Mama aliwapanga ndani ya beseni, akawafunika kwa leso, tukaenda kanisani. Aliniacha chini ya kibanda cha kupikia nilinde nyama wakati anateka maji. Kisu kilikuwa pale. Kiungo cha mguu wa sungura kinaachia kwa urahisi ukijua pa kupitisha kisu, na mimi nilijua. Niliikata yote sita, nikaiingiza kwenye mfuko wa unga, nikauficha chini ya sweta langu, nikaifunika nyama kama ilivyokuwa. Sikuwa na hofu hata kidogo. Nilijiona nimefanya jambo ambalo hata pastor hakulifikiria. Niliwasafisha.

Wanawake walikuja kama ishirini. Walikaa kwenye mabenchi, leso mapajani, nusu wakitabasamu. Mama alisimama mbele yao kwa rinda lake la Krismasi. Alianza vizuri. Alieleza juu ya Kyalo, akamwinua Kyalo wamwone, wakapiga makofi. Kisha akaweka mkono juu ya leso iliyofunika beseni.

"Jambo la kwanza," alisema, "kabla hata ya kupika. Mtu akikuuzia nyama ya sungura, usiangalie nyama. Angalia mguu."

Akafunua. Mkono wake ukaenda moja kwa moja mahali ambapo mguu ungekuwa, ukashika hewa.

Bado nauona mkono ule. Uligusa sungura wa kwanza, ukahamia wa pili, ukawageuza wa tatu na wa nne, ukaenda haraka zaidi. Walikuwa sita, warefu, wekundu, uchi, hawana vichwa, hawana miguu.

"Mguu uko wapi, Mama Mwende?" mtu mmoja aliuliza.

"Ulikuwa hapa."

"Ulikuwa hapa ukaenda wapi? Ulitembea?"

Wakacheka. Kama ingeishia kwenye kicheko, mama angecheka nao na siku ingeendelea. Lakini Mama Kioko hakucheka. Aliinuka, akasogea, akatazama ndani ya beseni.

"Hebu ngoja kwanza. Kwa nini mtu aangalie mguu?"

Mama hajui kudanganya. Hata leo hajui. Alisema, "Kwa sababu akishachunwa, anafanana na paka. Mguu ndio unaonyesha."

Ndipo nilipoelewa. Nilihisi mfuko wa unga chini ya sweta umekuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Paka wangu yule wa manjano," Mama Kioko alisema polepole, "ana wiki mbili hajarudi nyumbani."

"Woi!" mtu akapiga kelele.

"Hata wa kwetu hayuko."

"Sita, na hakuna hata mmoja mwenye mguu? Hata mmoja, Mama Mwende?"

"Huko Makindu wanalisha wasafiri vitu vingi, jameni."

Mama aliinua macho. Alinitafuta kati ya watu, akanipata, akanitazama. Hakuuliza kitu. Ningeweza kusema. Neno lilikuwa moja tu, na ushahidi ulikuwa umenigandia tumboni. Lakini mwezi uliopita katika kanisa hilohilo kulikuwa na msichana wa darasa la tano aliyechoma godoro la shangazi yake. Walimpigisha magoti mbele, wakamwekea mikono kichwani wakimkemea pepo tangu asubuhi mpaka sauti yake ikaisha kabisa, na yeye akawa anafungua mdomo hakitoki kitu. Niliona mdomo ule. Nikaufunga wangu.

Mama angeweza kuondoka. Badala yake aliwasha moto. Aliwapika wote sita vilevile alivyokuwa amepanga, akieleza kila hatua kwa sauti ya kawaida, kwamba unaanza kwa kuchemsha na ndimu na tangawizi, kwamba moto uwe mdogo kwa sababu nyama hii haina mafuta ya kujitetea, kwamba nyanya zinaingia baada ya kitunguu, kwamba usisahau kijiko cha mafuta. Alikuwa akiwafundisha wanawake waliofunika pua kwa leso. Hakuna aliyeondoka. Walitaka kuona mwisho wake. Harufu ilipanda, harufu nzuri kabisa, na ninaapa niliona koo zikimeza mate.

Alipakua sahani ya kwanza, akaninyoshea.

"Mwende ale kwanza," alisema. "Ni mtoto wangu wa kwanza. Kuna mwanamke hapa anayeweza kumpa mtoto wake wa kwanza paka?"

Nilisogea mbele mkono mmoja ukibana sweta. Nilitia kipande mdomoni. Kilikuwa laini, kina chumvi ya kutosha. Nikatafuna. Nyuma yangu, kwenye benchi, mtu fulani kwa sauti ndogo sana akalia, "Nyaau."

Nikatapika. Mbele ya wote, juu ya viatu vya mama.

Sikumbuki walivyotoka. Nakumbuka sufuria imejaa na mabenchi ni matupu, na Kyalo peke yake amekaa chini anakula kwa mikono miwili.

Nilizika mfuko jioni hiyo kabla ya giza. Mama hakuniuliza chochote, wala siku ile, wala siku iliyofuata. Kufikia Jumatatu jina lilikuwa limeshafika shuleni. Mama Paka. Nilipoinuka kujibu swali darasani, mtu alilia nyau, na mwalimu akainamisha uso ili tusimwone akicheka. Mama alihamia benchi la nyuma kanisani. Sungura wote aliwauza kwa mtu mmoja aliyekuwa akipita kwenda mnada wa Ikutha, pamoja na vibanda vipya, bei ya kutupa. Jozi hata moja haikubaki.

Sasa sikiliza jambo ambalo mpaka leo silimalizi. Baada ya wiki tatu paka wa Mama Kioko alirudi. Yule wa manjano, mzima, na watoto wanne nyuma yake. Nilimwona kwa macho yangu juu ya ukuta wao. Nilikimbia mpaka nyumbani nikiamini kwamba jina limekufa. Halikufa. Mtu alipomkumbusha Mama Kioko, alijibu, "Kwani paka ni mmoja dunia nzima?" Na watu wakaona amesema maneno ya maana.

Mmoja wa wale watoto wawili wenye nywele za kutu alifikishwa hospitali akiwa amechelewa, akafa. Sijui kama sungura wangemwokoa. Nasema sijui kwa sababu sijui. Lakini nimesoma miaka minne juu ya kile kilichomuua, na kila nilipofungua daftari nilimwona mama akifundisha mbele ya pua zilizofunikwa.

"Kuna nini?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kapu la kunde kichwani. Fundi Mutua alionyesha mkebe kwa kidole, hakutaka kuukaribia. Mama alitua kapu. Hakushtuka. Ni mimi niliyeshtuka, kwa kuona kwamba hakushtuka. Aliinama, akauokota, akapuliza majivu kidogo, kama mtu anayekagua akiba aliyoiweka mwenyewe.

"Bado iko," alisema.

"Ni wewe uliyeizika hapa?"

"Mbwa aliifukua usiku uleule. Asubuhi nikaikuta imetapakaa chini ya mwarobaini, na mfuko wa unga umechanika. Nikaiweka majivu isioze."

Nilijaribu kuhesabu miaka, nikashindwa. "Ulijua tangu Jumapili? Ulijua, na ukakaa na lile jina?"

"Ningefanya nini? Niipeleke kanisani? Wangesema nimekata ya sungura wengine nyumbani. Halafu wangeuliza nani alikata ile ya kwanza." Alinitazama. "Ulimwona yule msichana wa godoro. Mimi pia nilimwona."

Nilikamua chai iliyolowesha sketi yangu.

"Nilingoja ukue uniambie mwenyewe," aliendelea. "Ukakua. Ukaenda chuo. Halafu nikaanza kuogopa utakachosema. Nikasema heri usiseme."

"Uliogopa niseme nini?"

Alikuwa anasugua kutu ya mkebe kwa kidole gumba, kilekile kilichopigwa nyundo. "Kwamba ulinionea aibu. Kwamba ulitaka mambo ya sungura yaishe, usiwe mtoto wa yule wa Makindu. Nilikuambia mguu hauguswi, na ni huo ulioukata. Ningefikiri nini kingine?"

"Mwaitu," nilimwita, kama nilivyomwita nilipokuwa mdogo. "Nilikuwa nawasafisha."

Nikamweleza. Mwalimu mchovu, kwato, Mama Kioko langoni na zile nyayo. Nilieleza haraka na vibaya, nikirudia. Alinisikiliza mdomo ukiwa wazi kidogo, na uso wake ukawa uso ambao sikuwahi kuuona, wa mtu aliyebeba gunia safari ndefu akaambiwa halikuwa lake.

"Ati ulikuwa unawasafisha," alisema. "Ndio Mama Kioko ale."

"Ndio wale wote."

Alikaa juu ya udongo uliochimbwa. Alicheka mara moja, kidogo, kisha akaacha.

"Na kutapika je?" aliuliza. "Hilo ndilo lililonimaliza. Miguu ningeielewa. Lakini nilikupa chakula changu mbele ya watu, ukakitema."

Swali hili nilikuwa najiuliza mwenyewe tangu siku ile, na jibu lake sijawahi kumpa mtu. Ndilo lililonifanya niwe mtu nilivyo, mtu anayeuliza mara mbili hata akiambiwa saa.

"Niliamini ni paka," nilisema.

"Wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliyeshika mguu nikichuna?"

"Nilishika mguu, mama. Niliukata mwenyewe. Ulikuwa chini ya sweta langu wakati uleule natafuna. Na bado, walipolia nyau, kikawa paka mdomoni mwangu."

Kuku walikuwa wamefikia kapu la kunde na hakuna aliyewafukuza. Fundi Mutua alijikohoza. Tulikuwa tumemsahau. Alikuwa ameegemea jembe, macho yanatoka kwangu kwenda kwa mama na kurudi kwangu, na ndipo nilipokumbuka kwamba ni mjukuu wa Mama Kioko, na kwamba amekua akiisikia hadithi ya paka jikoni kwa nyanya yake.

"Sasa mama," aliuliza, "kwani hiyo ni miguu ya nini?"

Mama alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akanigeukia, akaninyoshea mkebe.

Niliupokea. Nilisimama. Nilijibu kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika, sauti ya mtu aliye mbele ya mabenchi yaliyojaa.

"Ni ya sungura," nilisema. "Sungura sita. Niliikata mimi."